Mashine Hospitalini, Mkataba Kabatini

Wanafunzi wetu hufundishwa jinsi eksirei inavyopenya nyama na kuonyesha mfupa. Jinsi mashine yenyewe inavyofika hospitalini hawaelezwi. Kwangu mimi, hilo ni pengo kubwa.

Mwezi wa Februari 2015, Serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya matibabu kwa miaka 7, kwa takriban shilingi bilioni 38. General Electric ya Marekani ilipewa vifaa vya eksirei; Philips, vya wagonjwa mahututi. Kila kaunti ilitengewa hospitali mbili. Mombasa, yenye Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wenyeji wa kisiwani huiita Makadara, ilikatwa fedha sawasawa na Lamu: kwanza milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200. Idadi ya wagonjwa haikuangaliwa.

Kamati ya Seneti iliyochunguza jambo hili ilitoa ripoti mwaka 2020. Ilibainika kwamba baadhi ya mashine zililala bure kwa kukosa umeme, maji au wataalamu, ilhali kodi ililipwa. Magavana nao walilalamika kwamba hawakuonyeshwa mikataba.

Kampuni hutafuta faida. Hilo si kosa. Kosa ni mlipaji kutojua anacholipia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu, wafundisheni vijana kuuliza: nani mwenye mashine, nani ataitengeneza, nani ataiendesha? Mgonjwa wa Mji wa Kale hatibiwi na chombo kilichofunikwa turubai.