Kiswahili Hakimo Damuni

Sisi watu wa Pwani tuna ada ya kumcheka mtu wa bara anapokosea Kiswahili. Akisema "kitabu yangu", twatazamana na kusema: mwacheni, lugha haimo damuni mwake. Lakini mtoto wetu akianguka mtihani wa Kiswahili, hapo lawama ni za mwalimu. Ndugu msomaji, twajidanganya.

Jambo la damu wataalamu wamelichunguza kwa mapacha. Mapacha wa yai moja hurithi sawasawa. Wa mayai mawili hufanana kama ndugu wa kawaida. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi wa jozi 604 za mapacha wa Uingereza wenye umri wa miaka 14, wanaosoma lugha ya kigeni shuleni. Ilionekana kuwa kiasi cha theluthi mbili ya tofauti baina ya mtoto na mtoto yatokana na urithi. Kumbe mtoto wa nyoka ni nyoka!

La, tusiharakishe. Hesabu hiyo ni ya watoto wa nchi moja, wenye masomo yanayofanana. Penye mafunzo sawa, tofauti inayobaki huwa zaidi ya maumbile. Haisemi kamwe kwamba mtoto wa Mombasa amezaliwa na Kiswahili, na wa Kanyakine amezaliwa bila.

Mtazameni huyo wa Kanyakine, kule Imenti Kusini, Meru. Nyumbani asema Kimeru. Kiswahili hukikuta kwa mwalimu, sokoni na redioni, na Kiingereza nacho chamngoja darasani. Udugu wa lugha humsaidia: mtu kwao ni muntu, tatu ni ithatu. Kinachompungukia si damu, ni saa za kukisikia. Tangu 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la mtihani, watoto wa huko wamekipata kwa kitabu na sarufi. Na jirani zao wa Tharaka wamemtoa Kithaka wa Mberia, ambaye tamthilia yake "Kifo Kisimani" ilitahiniwa shuleni, na watoto wetu wakaisoma.

Hata Kiarabu kina mfano. Sibawayhi, aliyeandika "Al-Kitab", kitabu mama cha sarufi ya Kiarabu, alikuwa Mwajemi. Alikwenda Basra akakaa chini ya al-Khalil bin Ahmad, akafunzwa.

Nasi twaujua ukweli huu chuoni. Mtoto hupelekwa angali mdogo, akarudia herufi mpaka ulimi ukalainika. Mmoja huhifadhi upesi, mwenziwe polepole. Hayo ni maumbile. Lakini asiyepelekwa hajui hata alifu.

Basi tuache kucheka. Anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi. Na huyu wetu tumnunulie kitabu, tumsahihishe, tumsomeshe. Lugha aliyoikuta nyumbani ni mtaji tu, na mtaji usiofanyiwa biashara huliwa ukaisha.