Tuachieni Njia Siku ya Idi

Hapa Malindi, Idi pili baada ya Alasiri, sisi jamaa na marafiki hutoka na baiskeli kwa msururu: watoto mbele, karatasi za rangi zimesukwa kwenye spoki, wazee nyuma na wajukuu kwenye keria, kengele hazinyamazi. Lakini tangu kodi ya pikipiki ndogo ipunguzwe mwaka 2008, njia si yetu tena. Zatupita ubavuni kwa kasi. (Na jina la boda-boda wamelirithi kwa baiskeli za Busia!) Mwaka huu mjukuu wangu amekataa kutoka, atatazama dirishani. Sisemi vijana wakose riziki. Sikukuu ndiyo mavuno yao. Naomba njia moja tu ya ufuoni, toka Alasiri hadi Magharibi, wazunguke kwingine.