Carlsen hapigiki? Acheni hizo!

Najua nimepotea siku nyingi, si mnajua tena mambo ya testi na madesa. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Jana jioni pale kwenye vimbweta watu walikuwa wanacheza drafti, vizibo vya soda kama kawaida. Mara jamaa mmoja anayecheza chesi kwenye simu akadai kwamba Magnus Carlsen wa Norway hawezi kupigwa na grandmasta wa kawaida. "Hata wacheze mpaka ziwa likauke!" Watu wakashangilia. Nikabisha, nikazomewa, nikaenda zangu kulala. Hapa kwangu hakuna wa kunizomea, kwa hiyo ngoja niseme.

Kwanza niwape haki yao. Carlsen ni mkali kweli. Tangu Julai 2011 ndiye namba moja kwenye orodha ya FIDE. Mwaka 2014 alifika pointi 2882, na hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Kati ya 2018 na 2020 alicheza mechi ndefu 125 bila kupoteza hata moja, mpaka Jan-Krzysztof Duda wa Poland alipomkatisha Oktoba 2020.

Haya, sasa nisikilizeni. Oktoba 2023, mashindano ya Qatar Masters, Carlsen ana pointi 2839. Anakutanishwa na Alisher Suleymenov wa Kazakhstan, grandmasta mwenye pointi 2512. Nani kati yenu alikuwa anamjua? Hakuna. Carlsen akapigwa! Si sare, kapigwa. Baadaye alilalamika kwamba saa ya mkononi aliyovaa mwenzake ilimtoa mchezoni, lakini mwenyewe alisema hamtuhumu kwa lolote, na kwamba kijana alicheza vizuri na alistahili kushinda. Halafu kwenye mashindano hayohayo akapigwa tena, na Karthikeyan Murali wa India.

Mtasema bahati. Sawa, tuje kwenye hesabu. Hizo pointi mnazozitumia kunizomea zinatokana na kanuni ya Arpad Elo, profesa wa fizikia, na FIDE wanaitumia tangu 1970. Kushinda unapata moja, sare nusu. Kwa tofauti ya pointi 327 kama ile ya Qatar, kanuni yenyewe inasema katika mechi 100 mdogo atakusanya kama 13. Kumi na tatu ni chache jamani, sikatai. Lakini si sifuri! Sasa nyie sifuri yenu mmeitoa wapi?

Msinielewe vibaya. Siimbi ule wimbo wa "kila kitu kinawezekana". Wapeni wale wawili mechi 20, Carlsen atamaliza juu, na niko tayari kuweka boom langu lote. Pointi zinakwambia nani atakuwa mbele mkienda safari ndefu. Leo saa tisa alasiri, kwenye meza moja, nani atakosea? Hilo haziwezi kukwambia. Ndiyo maana watu wanakaa wanacheza. Simba walipokwenda Cairo mwaka 2003 kucheza na Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, nani aliwapa nafasi? Wakawatoa kwa penati, kwao.

Sasa mtauliza, mwalimu mtarajiwa wa hisabati, chesi inakuhusu nini?

Inanihusu hivi. Nilipokuwa field, shule moja ya kata huku kandokando ya ziwa, tulialikwa kwenye mashindano ya hisabati. Walioalikwa wengine walikuwa shule ya vipaji, yenye jina. Nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, anatatua maswali huku bado mimi naandika ubaoni. Kwenye kikao cha walimu mkubwa mmoja akasema, "Tusiwapeleke, watatuaibisha. Wale si wa saizi yetu." Hatukwenda.

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa mgeni, nilikuwa naogopa alama zangu za field. Binti aliniuliza kesho yake, "Sir, tunaenda lini?" Nikamwambia ratiba imebadilika. Nilimdanganya, wadau.

Angekwenda pengine angefungwa. Kwa kweli nadhani angefungwa. Lakini ana 13 zake katika 100, na sisi watu wazima tulikaa ofisini tukazifuta zote kwa sababu ya jina la shule. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Vizuri. Ila vichwani mwetu orodha bado tunayo, na tunaitumia kuamua nani asipande hata daladala kwenda kujaribu.

Kwa hiyo wewe wa jana pale kwenye vimbweta, ambaye mwakani utakuwa na darasa lako: ukisema Carlsen ana nafasi kubwa, niko na wewe. Ukisema wa chini yake "hawezi kabisa", unasema uongo, na uongo huo utauhamishia kwa watoto wa watu. Suleymenov angekusikiliza wewe, siku ile angeomba sare mapema akalale.

Mwenye kubisha abishe, ila aje na hesabu. Kuzomea hakuhesabiki.

Nawasilisha.