Aliyesikiliza naye aoshe vikombe

Misimu miwili ya baridi niliosha vikombe katika mkahawa wa ghorofani, namba 47 Phila Street, mjini Saratoga Springs, jimbo la New York. Nilikwenda huko kumlea mjukuu. Jirani wa mwanangu aliniona najikunyata ndani kila jioni, akanichukua Caffè Lena na kuniambia kuwa jikoni wanahitaji mikono. Nilidhani ni kazi ya ujira. Kumbe wengi wa wanaokata tiketi, wanaokuonyesha kiti na kukuletea kahawa hawalipwi hata senti. Mwalimu mstaafu alikuwa akikausha sahani nilizosuuza mimi, na mlango wa jikoni tuliuacha wazi kidogo ili tusikie banjo.

Viti ni kama 110 tu, vimesogeleana na jukwaa kiasi kwamba unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi.

Lena Spencer na mumewe Bill waliufungua mkahawa huo Mei 1960. Nia yao ilikuwa wachume pesa miaka michache, kisha wahamie Ulaya. Pesa hazikuja, mume akaondoka, Lena akabaki na mkahawa wake. Mwaka 1961 alimpa jukwaa kijana asiyejulikana, Bob Dylan, na wateja wakaendelea na soga zao hadi Bill, aliyekuwa bado hajaondoka, akapanda kuwakemea. Lena alifariki mwaka 1989, na utajiri hakuuona. Hapo ndipo mlango ungefungwa. Lakini waliokuwa wakija kusikiliza waliunda asasi isiyo ya faida, wakagawana kazi, na muziki ukaendelea. Mwaka 2016 jengo lilikarabatiwa upya, na mpaka leo watu wa kujitolea ndio uti wa mgongo wake.

Nikiwa kwenye sinki lile nilimkumbuka sana ami yangu. Mchana alikuwa karani. Usiku alikuwa mpiga fidla katika klabu ya taarab mjini Unguja. Sikumsikia hata siku moja akitaja malipo. Alitoa ada yake ya uanachama, akabeba viti, akarudi nyumbani usiku mkubwa na harufu ya udi kwenye koti. Klabu ya Ikhwani Safaa imesimama tangu 1905 kwa watu wa namna hiyo, waliopiga kwa mapenzi baada ya shughuli zao. Kwa hiyo kujitolea kwa ajili ya muziki si jambo la kwenda kujifunza kwa Wamarekani.

Tulichopoteza ni kingine. Sisi wasikilizaji tumewaachia wapigaji mzigo wote. Tunakwenda harusini tukiwa wageni, tunatunza, tunaondoka. Halafu tunalalamika kwamba taarab asilia sasa inasikika hotelini tu, mbele ya watalii wanaokula. Chuo cha muziki cha Unguja, DCMA, kimewafundisha vijana wetu qanuni na udi kwa miaka mingi. Mwaka 2019 kilipotangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, wengi wetu tulisikitika, kisha tukakaa kitako kusubiri mfadhili mwingine. Mfadhili ana siku yake ya kuondoka. Msikilizaji yupo mtaani.

Sisemi tuige kila kitu. Kule msikilizaji ananyamaza kama yuko msikitini, na kwao ni adabu. Kwetu mwanamke akiguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele na noti yake juu, na mwimbaji anajua ujumbe umefika. Hilo libaki. Ninalotaka ni ile zamu ya jikoni: kila mpenzi wa taarab awe na usiku wake mmoja kwa mwezi wa kukaa mlangoni, kuchemsha kahawa au kufagia. Kiingilio kiwe kidogo na kiende chote kwa wapigaji, kwa sababu ami yangu aliweza kupiga bure akiwa na mshahara wa ukarani, lakini kijana wa leo anayetegemea udi wake hana mshahara huo.

Niliporudi niliwaambia wenzangu wa mtaani. Sita wamekubali, mmoja atatengeneza kashata. Mimi nina madele mawili ya shaba ya marehemu mama na vikombe arubaini. Tunatafuta chumba.