Ndoa si soba hausi



Kuna neno linanikera kila msimu wa harusi: "Mwozesheni, akioa atatulia." Husemwa juu ya kijana anayelewa hadi kulala njiani, anayevuta unga, au aliyeanza kuongea peke yake. Posa inapelekwa haraka, mahari inatolewa, na bi harusi anaujua ukweli fungate ikiisha. Mimi nashona magauni ya harusi hapa Makambako, na wateja wangu wengi hutoka Wanging'ombe. Wapo niliowapima gauni la harusi, na kabla ya mwaka wakarudi kupunguziwa nguo zote, wamekonda, na makochi ya ndani yameshauzwa.

Maoni yangu ni haya: uraibu ni maradhi, na mke si dawa yake.

Huku kwetu tatizo kubwa ni ulanzi na pombe nyingine. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Bi harusi wa miaka ishirini atamuuguza vipi peke yake chumbani? Huyo ni wa daktari. Hospitali ya Ilembula iko hapo hapo Wanging'ombe. Aanzie hapo, apimwe, na ikibidi aombewe rufaa.

Wa unga ana njia yake. Muhimbili inatoa methadoni tangu 2011, na Mbeya nako kuna kliniki. Mgonjwa analala kwake, ila anakwenda kunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu, na arosto inatulia. Lakini methadoni haitibu pombe, msidanganywe. Soba hausi ni jambo jingine: mtu anakaa huko kwa miezi, mbali na kijiwe chake, akijifunza kuishi bila kilevi. Wenzetu wa Unguja wanazijua nyumba hizi tangu 2009.

Mwenye maradhi ya akili naye ana Mirembe kule Dodoma, na Kidongo Chekundu kwa wa Unguja. Kisomo kisomwe, lakini vidonge visiachwe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba.

Sisemi aliyepata nafuu asioe. Wapo waliotulia kweli, na kuwasimanga ni dhambi. Nasema walii aulize siku ya posa: Alitibiwa wapi? Ameacha tangu lini? Nani anamfuatilia? Akiwa bado katikati ya tiba, harusi isubiri. Kuuliza si kukosa adabu. Kuficha ndiko kumdhulumu binti wa watu.

Na wewe uliyekwishaolewa, kumpeleka mumeo hospitali si kumvunjia heshima. Ila akikupiga, jisalimishe kwanza wewe na watoto, tiba yake itafuata.

Mabiharusi, msiogope kuahirisha kwa sababu ya nguo. Gauni likikaa kabatini mwaka mzima haliharibiki. Mwaka wa maisha yako hakuna fundi wa kuushona upya.