Harufu ya Pilau si Cheti cha Utajiri

Kuna sentensi inayotembea kati ya ofisi za mashirika na vibaraza vyetu hapa Kinanira: "Yule hana shida, jana alipika pilau." Inasemwa na jirani mwenye wivu. Inasemwa na mjumbe wa kamati anayejua nyumba zote. Na siku za ziara inasemwa kwa sauti ya chini na mtu mwenye jileti, huku anatazama sufuria letu kuliko anavyotutazama sisi. Nataka kuipinga sentensi hiyo leo, kwa hesabu na kwa mapishi, maana hasara yake tunaibeba sisi na watoto wetu.

Hasara yenyewe tunaijua wote, hata kama hatuisemi. Ziara ikitangazwa, mdalasini unafichwa chini ya kitanda. Karoti zinarudishwa ndani ya mfuko. Kwenye mbabula kunawekwa bugali na majani yasiyo na mafuta, ili mgeni akiingia akute kile anachokitegemea. Mtoto anaambiwa: ukiulizwa, sema hatujala. Jamani! Njaa ya kweli tunayo, halafu tunamfundisha mtoto kuiigiza. Anajifunza mapema kwamba msaada unakuja kwa anayejua kuonekana vibaya, na kwamba mama akipika vizuri ni hatari kwa nyumba. Hilo ni somo baya kuliko kukosa chakula cha usiku mmoja.

Sasa tuingie kwenye sufuria lenyewe, kwa sababu wanaolihukumu hawajawahi kulihesabu.

Pilau ninayoisema ni ya mboga, ile ya namna ya Kiajemi. Kwa nyumba ya watu sita: kilo moja ya mchele wa Imbo, ule unaolimwa huku chini upande wa Gihanga, robo kilo ya dengu, nusu kilo ya karoti, viazi ulaya nusu kilo, vitunguu viwili, fungu la seleri, mafuta kama nusu kikombe, manjano kidogo, iliki mbili tatu, kijiti cha mdalasini. Nyama hakuna. Samaki hakuna. Ukijumlisha nguvu iliyomo, unapata karibu kilokalori 6,000. Gawanya kwa sita: kama 1,000 kwa kila mtu. Nyinyi wafanyakazi wa misaada mnaijua vizuri ile namba yenu ya 2,100 kwa mtu kwa siku, ndiyo kipimo cha dharura mnachokitumia dunia nzima. Basi sufuria hilo lililowafanya mseme "hana shida" halifiki hata nusu ya kipimo chenu. Na nyumba nyingi za huku, hilo ndilo sufuria pekee la siku hiyo. Kilichowadanganya ni harufu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba karatasi zenu wenyewe haziwaruhusu kudanganyika hivyo. PAM ina kipimo cha ulaji wa kaya ambacho wengi wenu mmekijaza mara nyingi kuliko mlivyojaza fomu za likizo. Unauliza nyumba imekula nini kwa siku saba, halafu kila kundi la chakula lina uzito wake: nyama na samaki 4, maziwa 4, maharage na dengu 3, nafaka 2, mboga 1, matunda 1, mafuta nusu, sukari nusu. Na viungo? Sifuri. Iliki sifuri, mdalasini sifuri, manjano sifuri. Tena ni sawa, kwa sababu kijiti cha mdalasini hakimshibishi mtu. Sasa mtuambie: kama kwenye karatasi viungo ni sifuri, kwa nini kwenye pua zenu vinageuka kuwa mshahara? Mtu anayekula wali mweupe na dengu mnamwandika maskini. Mwenzake anayekula wali uleule na dengu zilezile, ila ametia manjano na kuzipanga vizuri, mnamwandika amejiweza. Tofauti kati yao ni ustadi, na ustadi hauwezi kuwa sababu ya kumfuta mtu kwenye orodha.

Nasikia jibu lenu, na si jibu la kipuuzi. Mnasema: fedha hazitoshi, lazima tuchague, na tukichagua lazima tuangalie dalili. Kweli, fedha zimepungua. Mwaka 2025, wakati maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Kivu ya Kusini wanavuka Rusizi kuja huku, PAM ilishusha mgao wa waliokuwa kambini tayari hadi nusu. Wenzetu wa Kavumu, Bwagiriza, Musasa, Kinama na Nyankanda hawahitaji kuelezwa maana ya nusu. Lakini hapo ndipo dalili mbovu inapoua. Fedha zikiwa nyingi, mkosea mmoja anaweza kusahihishwa mwezi unaofuata. Zikiwa chache, jina likitoka halirudi. Ndiyo maana mwaka wa uhaba ni mwaka wa kuhesabu kwa makini zaidi. Si mwaka wa kunusa.

Na sisi wenyewe je? Maana sentensi hii haikuzaliwa ofisini peke yake. Nusu yake imetoka kwenye vinywa vyetu. Kwetu Uvira, Bukavu, Fizi, pilau ni ya harusi, ya Idi, ya mgeni wa heshima. Lazima iwe na nyama, na isipokuwa na nyama watu wanacheka: "Huu si pilau, huu ni wali uliokosa bahati." Kwa hiyo jirani akisikia harufu, akilini mwake anaona mbuzi. Anamwambia wa pili, wa pili anamwambia mjumbe, mjumbe anakwenda ofisini. Mbuzi ambaye hajawahi kuzaliwa ameshamtoa mtu kwenye orodha.

Wangetembea kidogo wangejua kwamba huko Iran, ambako jina lenyewe limetoka, wali wa mboga si wali wenye kasoro. Pilau kwao ni polo. Ya karoti wanaiita havij polo. Ya dengu ni adas polo. Ya maharage mabichi, yale yanayoliwa na maganda yake, ni lubia polo. Ya mboga za majani ni sabzi polo, na hiyo inawekwa mezani siku kubwa ya mwaka wao mpya, Nowruz, mwezi wa Machi, pamoja na samaki. Angalia orodha hiyo vizuri: karoti, dengu, maharage mabichi, majani. Kuna kitu gani hapo ambacho hakipo kwenye soko la Musaga, au Ruvumera kule Buyenzi? Kinachokosekana ni zafarani tu, na manjano yanashika nafasi yake kwa rangi, ingawa si kwa ladha.

Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kupika. Pilau yetu ya pwani inakaangwa na viungo, inamwagiwa supu, inakaukia humohumo. Wao wanafanya hivi. Mchele unaoshwa mpaka maji yawe meupe safi, unalowekwa na chumvi nusu saa au zaidi. Unatiwa kwenye maji mengi yanayochemka, unapikwa dakika chache tu: punje ilainike nje, ndani ibaki na kiini kigumu. Hapo unachuja. Yale maji usiyamwage, yanafaa kwa uji wa mtoto. Pembeni umeshakaanga vitunguu, karoti na seleri na viungo, na dengu umeshazichemsha. Kisha unatia mafuta chini ya sufuria, unapanga viazi vilivyokatwa duara, juu yake wali, juu yake mboga, tena wali, tena mboga, unajenga kama kilima. Kwa mpini wa mwiko unatoboa matundu manne matano, mvuke upate njia. Kifuniko unakifunga kitambaa safi kinachonywa jasho lake, wali usilowe. Unaacha kwenye moto mdogo, dakika arobaini hivi.

Moto mdogo huo ndio unaowafaa watu kama sisi. Makaa yaliyopikia dengu na mchele, yakishaanza kufa, ndiyo yanayomalizia kazi. Hutii mengine. Akina mama wa pwani wana hila yao ya kupalia makaa machache juu ya kifuniko, na hapa inafaa pia, ila kitambaa ukiondoe kwanza, usije ukaunguza nyumba ya mwenye kukupangisha.

Halafu kuna ukoko. Kwetu ukoko ni wa watoto na wa anayeosha sufuria. Waajemi wanauita tahdigi, maana yake chini ya sufuria, na mgeni ndiye anayepewa kwanza. Vile viazi vilivyokauka na kuwa rangi ya dhahabu, watu wazima wanavigombania. Kile tulichokuwa tunakikwangua kwa aibu, wengine wamekifanya heshima ya meza. Gharama yake haikuongezeka hata faranga moja.

Tena pilau yenyewe haina haki ya kuitwa chakula cha waliotulia. Imetembea na watu wenye mizigo kichwani. Waafghani waliokimbia vita baada ya 1979 wakaingia Iran na Pakistani kwa mamilioni walibeba palau yao ya karoti na zabibu, na leo Peshawar inauzwa mitaani kama chakula cha pale. Huku kwetu, Makunduchi kisiwani Unguja bado wanaadhimisha Mwaka Kogwa, wanaouita pia Nairuzi, na jina hilo ni Nowruz ileile iliyovuka bahari. Karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walifika Ujiji na Nyangwe, na mpunga ukaota Maniema. Mpaka leo Kasongo ni nchi ya mchele. Wajukuu wa njia hizo ndio waliojaza Buyenzi, na ndio waliowafundisha nusu ya akina mama wa Bujumbura kutia iliki kwenye wali. Chakula hiki kimevuka mipaka mingi kuliko sisi, kwa hiyo mtu asitushangae tukiwa nacho jikoni.

Na kama mnataka tuzungumze lugha ya ofisi, tuzungumze. Mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilieleza haki ya chakula, na haikuishia kwenye kilokalori. Ilisema chakula kiwe kinakubalika ndani ya utamaduni wa anayekila. Maana yake kukipika chakula kikawa na jina, na harufu, na namna ya kukipanga, si ziada inayokuja baada ya haki. Imo ndani ya haki yenyewe. Mkimbizi anayegeuza mchele na dengu kuwa kitu ambacho watoto wanakimbilia nyumbani kukila hajawaibia kitu. Amefanya kazi ambayo mpango wenu wa lishe ungelipa mtu aje kuifanya kwenye semina.

Basi, wenzetu mnaokuja na jileti, tunaomba mambo matatu. Mkiingia jikoni, ulizeni sufuria hili linalisha watu wangapi, na leo ni la ngapi. Ulizeni mchele umenunuliwa au umekopwa, na deni la dukani limefika wapi, na kodi ya nyumba ina miezi mingapi haijalipwa. Na jina la chakula msiliandike kwenye sehemu ya "maoni" kama ushahidi, maana huko ndiko watu wanakofia kimyakimya. Mkikaribishwa, kaeni mle. Mtajua kuna nini ndani kuliko mkinusia mlangoni.

Na nyinyi akina mama, akina baba, vijana mnaoishi kwenye vyumba vya nyuma ya nyumba za watu hapa Kinanira, na nyinyi mlioko kambini mnaohesabu vikombe vya unga: acheni kuficha mdalasini. Acheni kumripoti jirani kwa sababu ya harufu. Mtu akija na fomu, mwonyesheni daftari la deni na idadi ya midomo, kwa ukweli, bila kupunguza na bila kuongeza. Na kama siku hiyo Mungu amejalia mchele, pikeni pilau. Mfunike kwa kitambaa safi, na ukoko mumpe mgeni.