Kaa mwenye nyumba ya kuazima

Kuna kaa ambaye hana nyumba yake mwenyewe. Mbele ya mwili wake ni ngumu, lakini tumbo ni laini kabisa, samaki anaweza kulila bila shida. Njo maana anaingia ndani ya ganda tupu la konokono, na anatembea nalo kila mahali. Akikomaa, ganda linamubana, anatafuta kubwa zaidi. Na lile alilotoka, mwenzake mdogo analirukia palepale. (Wale waliopanga nyumba mjini wanajua mambo hayo.)

Anapatikana wapi? Twende mpaka Mida, karibu na Watamu, katika inchi ya Kenya. Pale maji ya Bahari ya Hindi yanaingia na kutoka kwa mlango mwembamba, na pembeni kunaota mikoko, ile miti inayovumilia maji ya chumvi. Watafiti wa Italia, katika miaka ya 1990, waliwakuta kaa hao kati ya mikoko wamejikusanya makundi makubwa. Juu ya nini pale? Katika tope la mikoko kunaishi konokono wengi, na moja wao ganda lake linaweza kupita sentimeta 10. Konokono akikufa, nyumba inabaki. Mikoko ikikatwa, konokono wanapunguka. Hata wale wanaookota maganda ufukoni ili kuwauzia watalii wanafikiri ni kitu kisicho na mwenyewe. Kumbe wanabeba nyumba, na kaa akikosa ganda la kipimo chake anabaki katika lile linalomubana, ao anawindwa upesi.

Sasa vijana wa Kalemie na Moba watauliza: je, ziwa letu Tanganyika halina maganda? Yako, tena mengi, yamelala chini ya maji. Lakini wanaokaa ndani yake ni samaki wadogo sana, wanataga mayai mulemule. Ziwa liko na kaa wake pia, ila si wa ukoo huu. Ganda peke yake halitoshi. Watoto wa kaa huyu wa Mida, wakitoka katika mayai, wanaelea kwanza ndani ya maji ya bahari kwa majuma, ndipo wanashuka chini kutafuta ganda la kwanza, dogo kama punje. Bila chumvi, hawafiki.

Katika ukoo wote, anajulikana mmoja tu anayeishi siku zake zote katika maji yasiyo na chumvi. Yuko mbali sana, kwa kisiwa kimoja cha Vanuatu, na wataalamu walimupa jina katika mwaka wa 1990.